Mama Makapi na Hundi Iliyokataliwa Mara Tatu

Shangazi yangu alisahau siku yangu ya kuzaliwa kila mwaka kwa miaka ishirini na sita, lakini hakuwahi kusahau namba ya tawi lolote la benki yoyote. Ukimtajia jina la mtaa, anakujibu kwa tarakimu. Nilipompeleka mchumba wangu akamsalimie, hakumuuliza ukoo wala kazi. Alimuuliza anaweka hela tawi gani. Kijana wa watu alipojibu, shangazi akafumba macho, akataja namba nzima ya tawi lile bila kukwama, kisha akanigeukia.

"Tawi la watu wanaokunja cheki mara nne," akasema. "Mwangalie vizuri, mwanangu."

Nilimwangalia vizuri na nikaolewa naye. Ni kweli anakunja kila kitu, mpaka risiti za sukari.

Kazini walimwita Mama Makapi, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alipoanza kazi benki, hundi zilipangwa kwa mikono. Wanawake kumi walikaa kwenye chumba cha nyuma, mbele ya rafu yenye vijisanduku vingi, kila benki na kisanduku chake, na mchana kutwa walikuwa wakitazama, wakisoma, wakitupia. Shangazi alikuwa hatari kuliko wote. Alikuwa anaongea na jirani yake wa kushoto, anamcheka wa kulia, na hundi zinaruka zenyewe mpaka zinapotakiwa.

Halafu mashine ikaja. Ukichukua hundi yoyote, chini kabisa utaona mstari wa tarakimu zenye umbo la ajabu, nene huku, nyembamba kule. Mstari huo unataja hundi ni namba ngapi, ya benki gani, tawi gani, akaunti ya nani. Wino wake umechanganywa na chembe zinazoshika sumaku, na mashine haiutazami kama mimi na wewe tunavyotazama, inaupapasa. Upige muhuri juu yake, uumwagie chai kidogo, mashine itapapasa chini ya doa na namba itazipata. Kazi iliyowamaliza wanawake kumi kutwa nzima ikawa inakwisha kabla chai ya saa nne haijapoa. Wanawake tisa wakahamishiwa kwenye madirisha ya wateja. Akabaki shangazi.

Alibaki kwa sababu mashine nayo ina vya kuitia kichefuchefu. Hundi iliyotobolewa na pini, iliyochanika, iliyokunjwa mpaka wino umepasuka, iliyolowa mafuta, zote inazitema pembeni. Hayo ndiyo tuliyoyaita makapi. Shangazi aliletewa makapi yake kwenye trei ya bati. Anaichukua hundi, anaisoma kwa macho, anazipiga namba upya kwenye kijimashine kidogo juu ya utepe wa karatasi, kwa wino uleule wa sumaku, kisha anaubandika utepe kwa gundi chini ya hundi. Hundi inarudi kwenye mashine, inasomeka, inakwenda zake. Katika miaka yote ile hakuwahi kushindwa hundi hata moja, na hilo alikwambia kabla hujaketi.

"Mwenye macho haambiwi tazama," ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi.

Mashine aliiita mke mwenza. Alikuwa na sababu. Mke mwenza alipewa chumba chenye kiyoyozi, shangazi alipewa feni yenye mapanga mawili na nusu. Mke mwenza akikohoa, fundi anaitwa kwa simu. Shangazi akikohoa, anaambiwa asikoholee hundi. Kila jioni alikuwa anaandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha mashine: *Leo bibi katema kumi na tisa.* Siku mashine ikitema nyingi, chaki ilikuwa kubwa zaidi.

Sasa sikia balaa langu. Shangazi ndiye aliyenitafutia kazi pale benki, akanisifia mpaka akapitiliza, nikaajiriwa. Wiki ya tatu nikapangiwa kuendesha mashine.

"Nimekulea mwenyewe," aliniambia, ameshika tama, "nimekusomesha hesabu mwenyewe, na leo umekwenda kumpikia mke mwenza wangu."

"Shangazi, nimepangiwa tu."

"Ungeugua."

Tulifanya kazi hivyo miaka mitatu, ukuta mmoja katikati, mimi namletea makapi, yeye ananipokea kama nimemletea mzoga. Nilimpenda kupita kiasi. Hakuna mtu aliyenichekesha kama yeye, wala hakuna aliyenitia hasira haraka kama yeye.

Mwaka ule umri wake wa kustaafu ulikuwa umefika, na yeye aliomba miaka miwili ya nyongeza. Kiinua mgongo kilikuwepo, njaa haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nyumbani. "Nyumbani kuna mume na redio," alikuwa akisema, "na vyote viwili havina pa kuzimia." Alikuwa anatania, lakini nilijua hofu yake. Mtu aliyejua namba za nchi nzima, kesho atakaa sebuleni, atamsomea nani? Aliniambia siku moja, bila utani wowote, kwamba anaogopa ataamka asubuhi asijue pa kuipeleka mikono yake.

Aliyekuwa akimzuia ni msimamizi wetu. Alikuwa kijana mwenye tai nyembamba, na hakuna sentensi aliyoimaliza bila asilimia. Msimamizi alimwandikia meneja kwamba makapi yamepungua kwa asilimia kadha wa kadha, na kwamba dawati la shangazi linaweza kufungwa mwisho wa mwezi, makapi yakafanywa na yeyote mwenye nafasi. Meneja alisema atafikiri. Basi mwezi ule wote shangazi alikuwa anafanya kazi kama mtu anayetazamwa na kamera, na makapi aliyamaliza kwa kasi ya kutisha.

Kasi ndiyo iliyomponza. Kulikuwa na kanuni. Kabla hujabandika utepe, unaandika kwenye daftari kwa nini mashine iliikataa hundi: pini, mkunjo, mafuta. Usipoona sababu, yaani hundi ni safi na mashine bado haiitaki, hubandiki. Unapiga simu tawi lililotoa hundi, unauliza. Simu yenyewe ilikuwa juu ya meza ya msimamizi. Kuitumia maana yake ni kugonga mlango, kuingia, na kumwambia kijana wa tai nyembamba, "Naomba simu, kuna hundi imenishinda." Shangazi angekubali kung'olewa jino.

Kwa hiyo Jumanne ile, mashine ilipotema hundi moja safi kama imetoka kupigwa pasi, nikairudisha ikaitema, nikairudisha tena ikaitema mara ya tatu, nilimpelekea shangazi na kumwambia, "Hii sijui ina nini."

Akaiinua kwenye mwanga. Akaipapasa. Hakuna pini, hakuna mkunjo, hakuna doa. Namba zimesimama vizuri kama askari.

"Ina nini? Haina kitu," akasema. "Mwenzangu kaamka vibaya." Akaandika kwenye daftari, mahali pa sababu: *Mashine ina kiburi.* Akapiga utepe, akabandika, akapuliza gundi ikauke. Mke mwenza aliisoma mara moja bila kinyongo. Shangazi alinikonyeza. Hundi ikaingia kwenye mfuko pamoja na nyingine za benki ile, tarishi akaondoka na mfuko.

Hiyo ilikuwa saa tano. Saa saba na nusu nilipitisha rundo la pili, la wateja wa dirisha lingine, na mashine ikatema hundi safi ya pili. Akaunti ileile. Jina lilelile la mlipaji, mchomea vyuma mwenye karakana. Anayelipwa ni yuleyule pia. Safari hii, kwa kuwa sikuwa na haraka, nilitazama mkanda mwembamba wa karatasi ambao mashine inautoa ubavuni kueleza shida yake. Mkanda ule shangazi hakuwahi kuusoma hata siku moja, alisema hasomi barua za mke mwenza. Kwa kawaida unasema tarakimu ya ngapi haikusomeka. Huu haukusema hivyo. Ulisema hakuna wino.

Nikaenda upande wa pili.

"Shangazi, nyingine."

"Lete." Tayari ameshika utepe.

"Mashine haisemi imesoma vibaya. Inasema hakuna kitu pale chini."

"Hakuna kitu? Na hizi ni nini, sisimizi?"

"Tunaziona sisi. Yenyewe haizioni. Maana yake wino si wa sumaku, shangazi. Hii imechapwa kwa mashine ya kawaida. Hii cheki mtu kaitengeneza."

Mkono wake ulisimama hewani na utepe wake. Nilimwona akipita kwenye kila hatua, moja baada ya nyingine, mpaka akafika pale nilipokuwa ninamsubiri na nilitamani asifike. Mwizi alikuwa amenakili hundi, karatasi karibu sawa, saini karibu sawa, namba sawa kabisa. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni wino. Na wino huo alikuwa amepewa na shangazi, kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa kuupuliza ukauke.

"Ya asubuhi," akasema.

"Imekwenda."

"Kengele ni saa ngapi?"

"Saa nane."

Kila siku matarishi wa benki zote wanakutana kwenye ukumbi mmoja, mitaa miwili kutoka kwetu, wanabadilishana mifuko. Mzee mmoja mwenye kengele ya mkononi anasimamia. Mifuko inakaa mezani tangu asubuhi, na saa nane kamili anaitikisa kengele, kila benki inachukua hundi zake, basi. Baada ya hapo hundi ya shangazi ingefika benki ya mchomea vyuma ikiwa na utepe wetu halali, ingesomwa na mashine yao, na pesa zingetoka. Halafu zingerudi karatasi za uchunguzi, na kwenye daftari lingeonekana neno *kiburi* kwa mwandiko wake. Miaka miwili ya nyongeza isingetajwa tena. Labda hata kiinua mgongo.

Shangazi ni mtu wa mwili. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatoka kwa mlango wa nyuma, na mimi nikaingia ofisi ya msimamizi, ambaye alikuwa amekwenda kula, nikainua simu.

Ya ukumbini nayaeleza kama alivyonieleza mwenyewe, na nimemuuliza mzee wa kengele, naye hakubisha ila sehemu moja au mbili. Alifika saa nane kasoro dakika tisa, jasho linamtiririka, akaomba mfuko wetu ufunguliwe.

"Mfuko ukishafungwa haufunguliwi, mama, bila saini ya msimamizi wako," akasema mzee wa kengele.

"Miwani yangu imetumbukia humo."

Miwani ilikuwa kifuani mwake, ndani ya gauni. Mzee ni mtu wa huruma, tena naye anavaa miwani. Akafungua. Shangazi akaingiza mikono, akaanza kupekua hundi, na hapo ndipo akagundua upumbavu wake: bila miwani haoni kitu, na miwani hawezi kuivaa kwa sababu imepotea. Zilikuwemo hundi kumi na nne zenye utepe, zote amezibandika yeye, zote kwake zilikuwa ukungu mtupu. Akazisogeza karibu na pua, akazipeleka mbali. Matarishi wakaanza kukusanyika.

"Mama, unatafuta miwani au unasoma?" mmoja akauliza.

"Natafuta kwa kusoma."

Zikabaki dakika nne. Akapiga moyo konde, akaingiza mkono kifuani, akatoa miwani mbele ya watu wote, akaivaa.

"Nimeipata," akasema.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee wa kengele peke yake hakucheka, akavuta mfuko aufunge. Shangazi alikuwa ameshaiona hundi, akaichomoa. Mzee akamshika mkono. Akamwambia bila saini ya msimamizi hundi haitoki. Shangazi akamwambia haitoki basi naye hatoki, akauchukua mfuko, akauweka kwenye kiti, akaukalia. Hapa ndipo mzee anabisha kidogo. Anasema aliuweka kitini yeye, shangazi akakalia tu. Vyovyote vile, saa nane ilifika na kengele haikulia, kwa sababu haiwezi kulia wakati mfuko wa benki moja uko chini ya mtu. Benki saba zikasimama zinamtazama mama mmoja pekupeku.

"Saini yako wewe, basi," mzee akasema mwisho, amechoka. "Lakini likitokea jambo ni juu yako."

"Toka lini langu likawa juu ya mwingine?" akasema shangazi, akasaini, akanyanyuka.

Huku nyuma nami nilikuwa nimempata karani wa tawi la mchomea vyuma. Mchomea vyuma mwenyewe akapigiwa, akafungua droo yake, akakuta hundi zenye namba zile mbili bado zimo kwenye kitabu, hazijakatwa. Nilikuwa nashukuru kwa sauti wakati mlango ulipofunguka nyuma yangu. Msimamizi alikuwa amesimama na kijiti cha meno mdomoni, anatazama simu yake mkononi mwangu.

Ilibidi niseme kitu, na kilichotoka ni hiki: "Shangazi kakamata hundi bandia. Mbili. Amekwenda kuizuia moja ukumbini."

Nilikuwa nimesema nusu ya kweli kwa mpangilio wa uongo. Sikuipanga. Lakini nilipoona macho yake yamefunguka na kijiti kimeanguka, sikuirekebisha. Akaniambia niandike taarifa. Nikaandika kwamba karani wa makapi alizitilia shaka hundi mbili, akachukua hatua. Nikaipambapamba. Kwenye daftari niliona ukurasa wa asubuhi umeandikwa *kiburi*, nikaufunika kwa kikombe cha gundi.

Shangazi aliporudi, viatu bado mkononi, msimamizi alimlaki mlangoni na kumpa mkono. "Mama, umeokoa asilimia mia moja!" akamwambia. Shangazi akanitazama. Nikatazama feni.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya, kwa sababu kila mtu alikuwa na furaha. Wahudumu wa madirishani walikuja kumpongeza. Msimamizi alitangaza kwamba dawati la makapi ni muhimu na kwamba yeye siku zote alisema hivyo. Shangazi alijibu "ahsante" kwa kila mtu, na neno lingine hakuongeza. Jioni hakuandika kitu mlangoni. Nilimpelekea makapi, akayapokea kwa mikono miwili. Nilitamani anitukane.

Ijumaa meneja alituita ofisini kwake, mimi, shangazi na msimamizi. Mezani kulikuwa na barua ya miaka miwili, imeshapigwa chapa, imebaki saini. Kwenye kona alikuwa amekaa mwanamume mpana mwenye makovu ya cheche mikononi. Mbele yake alikuwa ameweka kiti cha chuma, kizuri, kimepindwa mgongo kwa ustadi, kimepakwa rangi ya kijani. Ndiye mchomea vyuma. Alikuwa amekuja kutoka upande wa pili wa mji kumwona mtu aliyemwokoa.

"Mama," alisema, akasimama, "mimi nina vijana tisa. Zile hela zilikuwa mshahara wao wa mwezi huu. Zingetoka, Jumatatu ningewaangalia usoni nisiwe na la kuwaambia. Nimekutengenezea kiti. Nimesikia unakaa sana."

Shangazi alimwambia ahsante, kwa sauti ndogo.

"Na niseme jambo mbele ya wakubwa," akaendelea mchomea vyuma, sasa amepata moto. "Hizi mashine hazina maana. Zinasoma tu, haziwazi. Mtu ndiye mwenye macho. Ingekuwa ni mimi, mashine ile ningeitupa nje, nikabaki na watu kama huyu mama."

Kwa miaka ishirini shangazi alikuwa akiyasema maneno hayohayo kwa kila aliyesimama kumsikiliza. Sasa alikuwa akiyasikia kutoka kwa mteja, mbele ya meneja, na barua iko mezani. Meneja alikuwa ameshafungua kalamu.

"Usiitukane mashine," shangazi akasema.

Mchomea vyuma akacheka kidogo, akidhani ni utani.

"Ilikataa mara tatu," akasema shangazi. "Hundi yako ya kwanza. Mara tatu iliniambia hii si ya kweli, na mimi nikaibandika utepe, nikaipitisha kwa nguvu. Niliyetaka kukumaliza ni mimi. Walioiona ni mashine na huyu mtoto wa kaka yangu. Mimi nimeula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua, na nikakubali kupongezwa siku tatu."

Meneja aliifunga kalamu. Aliigeuza barua ikalala kifudifudi, taratibu, kwa kidole kimoja. Halafu hakumtazama shangazi, alinitazama mimi.

"Taarifa uliiandika wewe?"

"Ndiyo."

"Na ulijua?"

Nilimgeukia shangazi nikitegemea msaada. Nilikuwa nimemkinga, nilimwokoa, nilistahili japo kikohozi. Alikuwa ananiangalia kama mwalimu anayesubiri jibu la hesabu rahisi.

"Nilijua," nikasema.

Hivyo ndivyo ukweli wa shangazi ulivyonipatia barua ya onyo, ya kwanza na ya pekee maishani mwangu. Niliondolewa kwenye mashine siku ileile. Msimamizi alinyang'anywa simu yake, ikapelekwa kwenye dawati la makapi, kwa kuwa meneja aliuliza kwa nini karani agonge mlango ili kufuata kanuni, na msimamizi akakosa asilimia ya kumjibu. Shangazi alipewa kiinua mgongo chake chote kwa sababu alisema mwenyewe, na hakupewa miaka miwili, kwa sababu ileile.

Mchomea vyuma alikuwa wa mwisho kutoka. Alikitazama kiti, akamtazama shangazi, na nilidhani atakibeba arudi nacho. Aliuma mdomo.

"Kimeshatengenezwa, mama," akasema, akaondoka bila kumpa mkono.

Shangazi alimaliza wiki mbili zilizobaki akiwa amesimama. Kiti hakukikalia. Siku ya mwisho nilimuuliza, nikiwa bado nina hasira naye, kwa nini hakunyamaza. Hakuna aliyeumia, hela zilikuwepo, mwizi alishakamatwa alipokuja kuuliza salio.

"Ungejua wewe," akanijibu. "Ningekaa hapa miaka miwili, kila asubuhi unaniletea trei, na unajua." Akanisukumia kile kiti. "Kaa. Mimi sikukipata kwa haki."

Dawati halikufungwa. Nilipewa mimi kama adhabu, pamoja na kile kiti cha kijani. Ni kigumu ajabu. Sasa naelewa mambo ambayo kutoka upande wa mashine sikuyaelewa. Hundi safi ikitemwa, mkono unakwenda kwenye gundi wenyewe. Unaona namba, unaziona kabisa, na kitu ndani yako kinasema, wewe una macho, simu ya nini? Tawi linachukua dakika kumi kupokea, trei inajaa, na msimamizi, ambaye hajanisamehe, anapita akihesabu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumtembelea. Redio ilikuwa inaunguruma, mume wake anaijibu. Shangazi alinikaribisha chai, akakaa mbele yangu, mikono yake kwenye mapaja, haina pa kwenda.

"Makapi mangapi wiki hii?"

"Sitini na mbili."

"Yasiyo na sababu?"

"Matano."

"Na yote umepiga simu?"

"Yote."

Akazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari.

"Karibu yote," nikasema. "Moja tu, shangazi. Ijumaa jioni, simu ilikuwa haipokelewi. Nimebandika, lakini haijatoka, iko kwenye mfuko wa kesho."

"Iko kwenye mfuko wa kesho," akarudia, na alikuwa ameshainama, anatafuta viatu vyake chini ya kochi.